Gari la Hidaya na Sabuni ya Kifuniko Kimoja

Hii imenifikia asubuhi kwenye simu, nikaona si vizuri nikae nayo peke yangu. Ni fupi. Isome ukiwa umetulia.

Huko Korogwe aliishi mzee mmoja aitwaye Shekilindi, dereva wa lori mstaafu, aliyefiwa na mkewe zamani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Hidaya, muuguzi. Hidaya alipopangiwa kazi kwenye zahanati ya kijiji huko Kondoa, mwendo wa siku mbili, alimwachia baba yake gari lake dogo la buluu.

"Baba, shika funguo. Gari hili sasa ni lako," alisema, akapanda basi.

Mzee alizipokea kwa mikono miwili, lakini moyoni alijua hayo ni maneno ya adabu tu. Mali ya mtoto ni amana, na katika ukoo wao amana haiguswi. Babu yake alimtunzia shemeji yake baiskeli miaka saba na hakuwahi hata kukanyaga pedeli. Basi mzee akaliegesha gari uani, chini ya bati. Kila asubuhi aliliwasha kidogo ili betri isife, kisha akalizima.

Na kila Jumamosi aliliosha. Kuosha kwenyewe kuligeuka kuwa mazungumzo yake na binti. Akifika kwenye mlango wa dereva alisugua polepole, pale Hidaya alipozoea kuegemeza kiwiko. Alikuwa na hamu naye sana, wala hakumwambia mtu. Na kila Jumamosi jioni binti alipiga simu.

"Gari ni zima, baba?"

"Ni zima, mwanangu. Linang'aa."

"Haya, baba. Nashukuru." Na hapo sauti ya Hidaya ilishuka kila mara. Mzee alidhani mtoto analikumbuka gari lake.

Miaka minne ikapita hivyo.

Sasa, mzee huyu aliamini kwamba sabuni ni povu. Alitumia sabuni ya unga ya kufulia, viganja viwili vilivyojaa, mpaka ndoo ikafurika. Jumamosi moja jua lilipopiga boneti akaona rangi imefubaa, buluu imepauka kama kaniki iliyofuliwa mno. Akakaa chini. Siku Hidaya akirudi, atamwambia nini?

Saa hiyo hiyo akaenda stendi, dukani kwa Mama Chausiku, muuza vipuri vya magari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe sabuni ya gari, ile yenye povu kuliko zote, unga wa kufulia umenifubazia rangi."

Mama Chausiku akacheka. "Povu ni mbwembwe, mzee wangu." Akapanga chupa tatu mezani. "Hii kubwa ni rahisi, lakini ni maji matupu, utamwaga nusu chupa kila ukiosha. Hii niliyoipima toka kwenye dumu ni sabuni ya vyombo. Inakata mafuta ya sufuria, na nta inayolinda rangi ya gari inaikata vilevile. Ni ndugu wa huo unga wako. Hii ndogo utaiona ghali, ila kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima. Usiangalie ukubwa wa chupa, uliza itaosha mara ngapi."

"Nitajuaje kama ni nzuri?"

"Isugue kati ya vidole. Ikiteleza, itaondoa mchanga bila kukwaruza rangi. Na ukishasuuza, mwagia maji kidogo. Yakisimama matone matone, ujue nta bado ipo. Halafu shika ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa."

Mzee akasugua, ikateleza kweli. Akaridhika, akatoa hela. Mama Chausiku akaanza kuifunga ile chupa kwenye gazeti huku akiuliza, "Gari linatembea wapi na wapi, nikukadirie itadumu muda gani?"

"Halitembei."

"Halitembei kabisa?"

"Ni la binti yangu, yuko Kondoa. Namtunzia tangu aondoke, ni miaka minne sasa."

Mama Chausiku akaacha kufunga. "Sasa, mzee, muda wote huo unaosha vumbi la wapi?"

Mzee akachukua chupa yake, akaaga. Alirudi nyumbani na swali lile likimwasha kama upupu. Jioni simu ikalia.

"Gari ni zima, baba?"

"Ni zima. Ila hebu niambie, Hidaya. Hili gari uliniachia la nini?"

Akamsikia mtoto wake, mtu mzima, analia.

"La kuja nalo kwangu, baba. Hapa zahanati niko peke yangu, kutoka siwezi. Kila Jumamosi nakuuliza kama gari ni zima, unaniambia ni zima. Nikasema basi, gari zima, dereva mzima, ila baba hana hamu ya kuniona."

"Mwanangu!" alisema mzee. Aliona aibu na furaha kwa pamoja. Kumbe miaka yote ile walikuwa wakingojana.

Jumatatu alfajiri akajaza mafuta akaondoka, ile chupa ndogo iko kiti cha nyuma. Alilala njiani usiku mmoja. Kipande cha mwisho kilikuwa barabara ya udongo, na alipofika zahanati, gari lilikuwa jekundu kwa vumbi toka matairi hadi paa. Hidaya alitoka mbio na sare yake ya kazi. Mzee akashuka, akaanza kufuta mlango kwa mkono wa shati.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuletea gari lako chafu. Nipe maji, sabuni ninayo."

Hidaya akamshika mkono asiendelee.

"Usilioshe, baba. Liache hivyo hivyo mpaka kesho. Nataka kijiji kizima kione kwamba baba yangu amekuja."

Funzo: Zawadi ya anayekupenda hutunzwa kwa kutumiwa, na aliye mbali hashibi habari za mali yake kung'aa wakati anakuhitaji wewe. Kama njia unayo na nguvu unazo, usimtumie ujumbe huu tu, mfuate.