Maswali ya Chui na Zawadi ya Pelele

"Paukwa!"
"Pakawa! Tega mdomo, tutege masikio!"

Hapo kale, kwenye mlima wa mawe, Pelele mdogo, mnyama wa mawe mfano wa sungura asiye na mkia, aliishi na bibi yake. Kiangazi kilipozidi, mama yake alivuka vilima kutafuta majani mabichi. Alisema, "Narudi." Hakurudi. Kila asubuhi Pelele alikaa juu ya jiwe, akatazama vilima mpaka macho yakamuuma.

Chini ya mlima aliishi Chui, mwenye nguvu na tumbo lisiloshiba. Mlima ulikuwa na mianya mingi. Akivizia mwanya huu, mapelele hutokea ule. Basi Chui akachukua simu.

Siku moja Bibi alikuwa amesinzia juani. Simu yake ikalia, ting'! Pelele akaichukua, akasoma:

"Hongera! Umechaguliwa! Jibu maswali machache, upate zawadi uitakayo."

Ting'! "Unapenda kula nini?" Pelele akajibu, "Majani."
Ting'! "Unamkumbuka nani?" Pelele akajibu, "Mama."

Chui akalamba midomo.

Ting'! "Bahati yako! Mama yako yuko hapa kwetu. Jibu moja tu limebaki: mnalala mwanya upi? Usimwambie mtu. Harakisha, zawadi inaisha!"

Moyo wa Pelele ukaenda du! du! du! Mama! Kidole kikafika kwenye simu. Kikasimama. Mbona nisimwambie Bibi? Na kama mama yuko kwao, si angewaambia mwanya mwenyewe?

Akaandika, "Mwulize mama, huniitaje akinibembeleza?"

Halafu, ting'! "Mtoto mzuri."

Machozi yakamtoka Pelele, tiriri. Mama yake humwita Kashata. Akajifuta, akaandika: "Tunalala mwanya ulio chini ya mtini. Hauna mlango. Ingiza kichwa chote."

Chui akapanda mbio, puru! puru! Akaingiza kichwa chote. Kumbe ni kwa Nungunungu, na Nungunungu hapendi wageni. Chwa! chwa! chwa!

"Mama wee! Pua yangu!" Chui akabingirika mpaka chini, uso umejaa miiba. "Pelele, umenidanganya!"

"Pole, Bwana Chui. Hata mimi nilingoja zawadi."

Kelele zile zikamwamsha Bibi. Pelele akamsimulia yote.

"Mjukuu wangu, ikiwa uliunusa uongo, mbona unalia?"

"Bibi, kabla sijaunusa, nilikuwa na mama."

Bibi akamvuta kifuani, wakatazama vilima pamoja.

Basi wanangu, funzo ni hili: mtu msiyemjua akiwaletea maswali na zawadi, msimnyime jibu, ni utovu wa adabu! Akiuliza mnapolala, mwelekezeni vizuri kabisa, mpaka kwa Nungunungu.

Ngano imefika kwake, nami narudi kwangu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.