Suti ya Aikande

Alikuwako dada mmoja, mfanyakazi wa benki katika mji mdogo. Jina lake sitalitaja. Nitalitaja la dada yake marehemu, Aikande, kwa sababu ndilo lililoitwa siku ile.

Meneja wake alimwita akamwambia, "Mwaka huu utatuwakilisha wewe kwenye mkutano mkuu wa mabenki, Arusha." Alifurahi, wapendwa, mpaka chakula hakikupita. Kisha furaha ikageuka hofu: avae nini? Mwenzake wa dirisha la pili akaizidisha.

"Mwenzangu, kule usiende na kitenge chako cha Ijumaa. Suti nyeusi au ya bluu nzito, viatu vya kufunika, hereni ndogo. Wale watu wanakupima kwa koti kabla hujafungua mdomo."

Mnacheka? Ni nani hapa ambaye leo asubuhi hakusimama mbele ya kabati akajiuliza watu watamwonaje?

Suti hakuwa nayo. Lakini kwa mama yake, katika chumba kilichofungwa, ilining'inia suti ya bluu nzito ya Aikande. Aikande naye alikuwa mtu wa benki, tena mkubwa, katika benki nyingine, mpaka aliposingiziwa kwamba ametoa nje siri za mteja. Wakamfukuza. Akarudi nyumbani kimya, akaugua, akafa. Hata mama yake mzazi hakujua aamini lipi. Nguo zake zilikuwa bado hazijagawanywa. Tanga lilikuwa halijaondolewa. Mdogo mtu akaingia mle chumbani, akaichukua suti bila kumwambia mama. Alijisemea moyoni, "Nitairudisha. Marehemu havai."

Asubuhi ya mkutano akaivaa hotelini. Aikande alikuwa mrefu, mpana wa mabega. Huyu ni mfupi, mwembamba. Lakini ile suti ilimkaa kama aliyepimwa na fundi, mikono imefika pale pale kwenye vifundo. Akageuka mbele ya kioo, akahisi baridi ikimpanda mgongoni. Akasema ni kiyoyozi.

Mlangoni mwa ukumbi mama mmoja mwenye mvi akamkumbatia. "Aikande! Jamani, tulisikia unaumwa. Umekonda, lakini ni wewe kabisa."

Alitaka kusema, "Mimi ni mdogo wake." Lakini yule mama alikuwa ameshamshika mkono, anampeleka viti vya mbele. Akaja mwingine, na mwingine tena. "Aikande, karibu sana." Beji yenye jina lake mwenyewe ilining'inia kifuani, hakuna aliyeisoma. Alipomshukuru mtu aliyemvutia kiti, alishtuka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya taratibu, ile aliyoisikia mara ya mwisho kando ya kitanda cha hospitali. Akaitazama mikono yake. Mikono ilikuwa yake. Sauti haikuwa yake.

Angeweza kuinuka. Lakini kiti cha mbele, ndugu zangu, mnakijua kilivyo kitamu.

Wakati wa chai akajiwa na mwanamume mmoja mwenye kipara, kikombe mkononi.

"Aikande, nimekutafuta sana. Ni mimi niliyetoa siri ya yule mteja, nikakutaja wewe. Jumapili hii nilikuwa nimeazimia kwenda kwenu, nisimame mbele ya mama yako niseme yote. Lakini kwa kuwa Mungu amenikutanisha na wewe, niambie kwa kinywa chako. Umenisamehe?"

Watu walikuwa wanatazama. Tangu asubuhi amekuwa Aikande, atajiumbuaje sasa? Akafungua mdomo, na ile sauti nzito ikasema, "Nimekusamehe."

Yule mwanamume akafumba macho, machozi yakamtoka. "Ahsante. Basi yamekwisha. Sina haja tena ya kumsumbua mama." Akaweka kikombe mezani, akaondoka kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Hapo ndipo mdogo mtu alipoelewa alichofanya. Kwa neno moja amelizika jina la dada yake mara ya pili. Akalivua koti palepale mbele ya wakubwa wote, akakimbia na blauzi yake iliyopauka, akamkuta yule mtu kwenye ngazi.

"Kaka, simama! Mimi si Aikande. Mimi ni mdogo wake. Aikande tulimzika kabla ya Pasaka."

Sauti sasa ilikuwa yake, nyembamba, inapasuka. Yule mtu akamtazama, akaegemea ukuta.

"Kama mlimzika," akauliza polepole, "ni nani aliyenisamehe?"

"Njoo kwa mama, kama ulivyoazimia," akamwambia.

Jumapili wakafika wote wawili kwa mama. Mwanamume akasema la kwake, binti akasema la kwake. Mama akalia mpaka akanyamaza mwenyewe. Akamwambia yule mwanamume, "Umechelewa, lakini umekuja. Keti." Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, mwanangu, nguo ningekupa kama ungeomba. Lakini msamaha wa dada yako haukuwamo kabatini."

Wapendwa, sisi nasi tunavaa. Huyu kavaa heshima ya baba yake aliyejenga kanisa hili. Yule kavaa maombi ya bibi yake, anatembea nayo kijijini kama yake. Tunaitwa majina yasiyo yetu, tunaitika. Tunapelekwa mbele, tunakaa. Wala hakuna anayetudai chochote, mpaka siku anapokuja mtu na jeraha lake, akatushika mkono, akauliza neno ambalo mwenye vazi peke yake ndiye angeweza kulijibu.

Mtu huyo yuko njiani. Huenda amekaa benchi moja na wewe asubuhi hii. Akikugeukia, utamjibu kwa sauti ya nani?