Kwa Nini Watu wa Shungi Huuliza Kabla ya Kuzima Redio

Nimewaona asubuhi mkibinyana na kucheka, mzee wa mtaa aliposimama mlangoni kwenye msiba na kuuliza, "Marehemu alikuwa ameshika nini?" Mkadhani mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Sogeeni basi kwenye mkeka, na huyo mwenye simu aitie mfukoni. Nitawaeleza swali hilo lilianzia wapi, maana naona wazazi wenu wameshindwa hata kazi hiyo ndogo.

Kulikuwa na wakati hapa visiwani Shungi ambapo swali hilo halikuwepo. Mtu akifa, jambo la kwanza lilikuwa kuinyamazisha nyumba. Redio inazimwa, televisheni inazimwa, hata feni yenye kelele inazimwa, kwa heshima ya maiti. Hakuna aliyejali kama kinachozimwa kina kazi.

Wakati huo ndipo intaneti ilipotufikia. Kila nchi ikapewa mkia wake wa majina, zile herufi mbili mnazoziona mwishoni mwa anwani za tovuti na barua pepe. Lakini mkia unataka mtu wa kuushika. Popote duniani mtu akitafuta anwani ya Shungi, lazima iwepo mashine ya kumjibu kwamba hospitali yao utaipata huku, bandari yao kule. Wenye mitambo ya dunia wakaandika kuuliza nani atajibu kwa niaba yetu. Serikali ikakaa kimya. Aliyejibu ni Bwana Makungu, fundi redio wa mtaa huu huu, kwa sababu aliona aibu nchi iitwe isiitike.

Mashine akaiweka sebuleni kwake, kando ya kochi, ikanguruma mchana na usiku kwa miaka. Mawaziri walipita wakanywa chai ya mkewe, Bi Mwanakheri, wakamtania: "Makungu na mdudu wake." Hakuna aliyemuuliza, je, wewe usipokuwepo itakuwaje? Kumuuliza mtu mzima habari za kufa kwake ulikuwa uchuro, na sisi watu wa Shungi uchuro tunauogopa kuliko njaa.

Basi akafa, ghafla, mchana, bisibisi mkononi na redio ya mtu imefunguliwa mbele yake. Bi Mwanakheri akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Alizima redio, akazima feni, akaizima na ile mashine, akaifunika kanga. Kisha akaingia eda.

Siku ya maziko hakuna kilichoharibika. Mitambo ya nchi nyingine huwa inakumbuka majibu kwa muda, kwa hiyo bado ilikuwa inatukumbuka. Halafu ikaanza kusahau, mmoja mmoja. Ilipofika siku ya hitima tukapigwa na bumbuwazi. Barua pepe zilirudi, eti anwani haipo. Meli iliyokuwa inatuletea dawa za hospitali iliulizia nafasi bandarini, ikajibiwa bandari hiyo haijulikani, ikageuza. Vijana wetu wa ng'ambo walitafuta gazeti la nyumbani wasilione. Nilimkuta mkuu wa bandari, mtu mzima na kitambi chake, amekaa sakafuni kashika kichwa. Nchi ipo, watu wapo, mbuzi wanakula majani barabarani, na dunia inasema haipo.

Kisha ukaja uvumi. Mtu mmoja akakumbuka kwamba mkia ulikuwa kwa Makungu. Wa pili akasema, basi ameuuza kabla hajafa. Maneno yakafika kwenye hitima yenyewe, watu wakaacha kusoma katikati, wakatafuta viatu vyao. Pilau ikabaki kwenye sufuria. Bi Mwanakheri, akiwa chumbani, alimsikia jirani yake wa ukuta kwa ukuta akisema huyu marehemu haombewi, ameiuza nchi. Mumewe hajamaliza hata wiki kaburini na jina lake limeshaoza. Alitaka kumtetea na hakujua aseme nini, maana hata yeye hakuelewa nchi imepatwa na nini.

Waziri alitaka kutuma askari wapekue. Akaambiwa mle ndani mna mjane wa eda, wanaume wasiomhusu hawaingii. Ikabidi atumwe Zuwena, msichana fundi wa mitambo. Alivua viatu, akatoa pole, akakaa mkekani na wanawake wachache waliobaki. Baada ya muda akauliza kwa upole, "Shangazi, ile mashine ya marehemu iko wapi?"

"Ipo palepale, mwanangu. Niliizima alipofariki. Ilikuwa inanguruma na mimi nina maiti ndani."

Zuwena alijiziba mdomo. Hakukuwa na mwizi wala mnunuzi, ilikuwa swichi tu. "Shangazi," akasema, "ulichokizima ni nchi."

Zuwena alipoinuka kwenda kuiwasha, Bi Mwanakheri akamshika mkono. "Niliyeizima ni mimi," akasema. Akaitoa kanga, akabonyeza. Mngurumo aliolala nao miaka yote ya ndoa yake ukarudi sebuleni, na hapo ndipo alipomlia mumewe kwa sauti. Jioni majina yetu yakaanza kuonekana, na meli ikaelekezwa tena kwetu.

Waziri alikuja kuomba radhi. Akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, akauliza, "Bi Mwanakheri, kuna kingine marehemu alichokuwa ameshika?"

Akajibiwa kutoka ndani, "Mlikunywa chai yangu miaka yote hiyo, naye amekaa mbele yenu. Mmengoja afe ndiyo mnauliza?"

Waziri aliinamisha kichwa mbele ya watu. Waliokimbia pilau wakarudi kimyakimya, na hitima ikasomwa upya mpaka mwisho.

Na tangu siku hiyo mkia wa Shungi haukai nyumba moja. Mashine zimetawanywa visiwa vyote, na kila moja ina mwangalizi na mwenzake anayejua kazi yake. Ile ya sebuleni ilibaki kwa Bi Mwanakheri mwenyewe. Tangu siku hiyo pia, hapa kwetu redio haizimwi msibani mpaka mtu asimame mlangoni aulize. Mara nyingi jibu ni dogo tu: ufunguo wa kisima, dawa za mama mkwe, mbuzi wa jirani. Linatajwa hivyohivyo, na mtu anajitokeza kukipokea kilichotajwa.

Leo tumemzika Bi Mwanakheri. Swali mlilolicheka asubuhi lilikuwa la msiba wake, na kwa kucheka kwenu hamkusikia jibu. Aliyejibu ni Zuwena, yule mama mwenye mvi pale karibu na mlango. Alisema, "Alikuwa ameshika mashine. Naipokea mimi." Ndipo redio ikazimwa, na feni ikazimwa. Huo mngurumo mnaousikia huko ndani, hakuna aliyeugusa.