Mayai Yaliyotolewa kwa Baba Yao

Ndugu zangu, kabla hatujamaliza darsa letu la Alasiri, nipeni masikio kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa Tanga, kazi ikampeleka Dodoma. Dodoma hakuna bahari, mnajua. Basi yeye akaiweka bahari sebuleni: tangi la kioo, maji anayachanganya chumvi mwenyewe kwenye ndoo, na ndani yake samaki wawili, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Msicheke! Nyinyi mnaofuga njiwa mna nini cha kumcheka?

Alikuwa na sababu. Zamani, alipokuwa ameoa tu, maji ya bahari yakipwa walikuwa wanakwenda na mkewe mpaka miambani. Mke kakunja kanga mpaka magotini, anaita, "Njoo uwaone samaki, wako wawili!" Ah, siku zile! Mke alishafariki, Mungu amrehemu. Akabaki na binti wa miaka saba, akampeleka kwa bibi yake Tanga apate malezi. Kila kitu anatuma: sare, viatu, hata pipi. Lakini mwenyewe, mwaka wa pili huo, hajaenda kumwona.

Siku moja samaki wakataga juu ya kigae kilichokuwa ndani ya tangi. Bwana akafurahi, karibu alie. Akaogopa wasije wakayala mayai yao, akakitoa kigae, akakiweka kwenye tangi jingine, safi, maji ya vuguvugu, hewa ya pampu. Siku ya tatu mayai yote meupe, viza.

Akampigia simu aliyemuuzia samaki. Yule akashangaa. "Mzee wangu, umeyatoa kwa baba yao?"

"Nimeyapa kila kitu!"

"Sasa nani anayapepea? Samaki hawa, mlezi ni dume. Anayapepea kwa mapezi kutwa, lililooza analitoa kwa mdomo. Yaache kwake mpaka yakaribie kuanguliwa."

Walipotaga tena, akayaacha. Akavuta kiti akawa anamtazama yule dume. Chakula anakidokoa mara moja, anarudi kupepea. Siku ya tano simu ikalia. Ni binti yake.

"Shikamoo baba. Samaki wako wameshazaa?"

"Marahaba mama. Wametaga. Baba yao anayalinda mayai, habanduki."

Mtoto akasema, "Wana bahati. Wao wako na baba yao."

Yarabi! Hakulia, hakulalamika. Angelia ingekuwa nafuu. Kesho yake asubuhi bwana akapanda basi. Na mayai je? Mimi sijui! Aliyaacha kwa baba yao.

Alipofika Tanga, mtoto alimwamkia akiwa nyuma ya bibi, kashika kanga ya bibi, vile watoto wanavyomwamkia mgeni. Mtu mzima akakaa chini pale mlangoni, akalia.

Jamani, na sisi je? Sisi tulilelewa na watu wasio na kitu. Baba yangu hakuninunulia viatu mpaka nilipofika darasa la nne. Lakini kila jioni alikaa nami jamvini akaniuliza nimesoma nini, na yeye mwenyewe hajui kusoma. Namkumbuka mpaka roho inauma. Wanetu watatukumbuka kwa lipi? Kwa ujumbe wa simu kwamba mzigo umefika? Tunatuma, tunatuma, tunajiona tumelea. Kutuma ni wajibu, sikatai. Ila yule bwana naye aliyapa mayai kila kitu, akayatoa tu kwa baba yao.

Basi leo darsa nalikata hapa, makusudi. Mwenye mtoto karibu aende akakae naye kabla ya Magharibi. Mwenye mtoto mbali akatafute tiketi. Na msinizuie mlangoni kwa maswali, maana mimi mwenyewe nina mtoto nyumbani ambaye sijamuuliza neno tangu Ijumaa.