Mtoto Aliyeponywa kwa Wino Mwekundu

Mwalimu mmoja alikuwa na kalamu ya wino mwekundu, na wanafunzi wake waliiogopa kuliko fimbo. Aliitwa Gozibert Rwechungura, akifundisha Kiswahili katika shule ya kati ya Rwamigongo, huko Buhaya. Hakuwa mtu mbaya. Alitamani tu kwamba siku ya wazazi isomwe hadithi itakayompendeza Mkaguzi wa Elimu, kwa maana aliyempendeza Mkaguzi hakukawia kupandishwa cheo.

Katika kusahihisha alikuwa na sheria yake. Hadithi iliyoishia kwenye heri ilipata alama. Iliyoishia kwenye msiba ilirudishwa kwa mwenyewe.

Mwaka huo kichwa cha hadithi kilikuwa "Siku Nisiyoisahau". Watoto wakaandika safari za mbali ambazo hawakusafiri na chui ambaye hawakumwona, na Rwechungura akawapa alama zao bila kusita. Kisha akafikia karatasi ya Kokushubila, binti wa mjane Melania. Binti huyo aliandika kwamba mdogo wake, Kaijage, alishikwa na homa. Mama akambeba mgongoni hadi zahanati, wakakuta kufuli mlangoni, kwa kuwa dresa, mganga wa pale, alikwenda arusini. Wakangoja kizingitini mpaka lile joto lililokuwa likimchoma mama mgongoni likapoa. Hapo akaweka nukta.

Rwechungura aliisoma, akairudia. Alijua kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hajapata kuletewa hadithi kama hiyo. Alijua pia kwamba siku ya wazazi dresa angeketi meza moja na Mkaguzi.

"Binti," akamwambia mbele ya wenzake, "umeandika hadithi au umetuletea matanga? Nani atampa maiti zawadi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Lakini mwalimu, alikufa."

"Huko kwenu alikufa. Kwenye karatasi yangu atapona."

Akalipiga mstari jina la Kaijage, juu yake akaandika "mtoto mmoja". Akaifungua zahanati. Akamleta dresa mbio na dawa mkononi. Mtoto akaamka, akaomba uji. Kokushubila akaambiwa ainakili upya kwa mwandiko safi, naye akanakili, kwa sababu mtoto wa mjane hana wa kumsemea shuleni. Akapewa alama zote.

Siku ya wazazi aliisoma bila kuinua macho. Mkaguzi akapiga makofi, na dresa akapiga zaidi yake. Melania alikuwa ameketi kwenye majani pamoja na wanawake wenzake. Hakuna aliyemweleza kitu. Aliambiwa tu kwamba binti yake atapewa zawadi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akajifunga vizuri kanga yake, akasema kwa Kihaya, maana Kiswahili alikisikia lakini hakukisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Mwalimu, huyo mtoto aliyeamka akaomba uji, mmemweka wapi? Nipeni nirudi naye nyumbani."

Makofi yakakatika. Wanawake wakainamisha vichwa. Dresa akaanza kutafuta kitu mifukoni mwake, asikipate.

Mkaguzi hakujua Kihaya. Akamwinamia Rwechungura, akauliza, "Mama amesemaje?"

Rwechungura alimtazama Melania, na Melania naye akimtazama, akingoja jibu. Neno la kweli lilikuwa kinywani mwa mwalimu, wala halikuwa refu.

"Anashukuru, bwana," akamnong'oneza.

Mkaguzi akatabasamu. Akaondoka kitini kwake, akaenda kumpa mjane mkono. Melania akaupokea, maana kwao mkono wa mgeni haukataliwi. Kokushubila alikuwa amesimama kati yao na zawadi yake, naye alikuwa amesikia yote, na lugha zote mbili alizijua.

Tangu hapo hadithi zake hazikurudishwa tena. Kila aliyeumwa humo ndani alipona, kila mlango ulifunguliwa, na alama zake zilikuwa nzuri mpaka akamaliza shule. Kila mama yake alipomwuliza jioni mambo ya shule yalikuwaje, alijibu kwamba yalikuwa mema.

Nanyi mnaolalamika kwamba watoto wenu hawawaambii yaliyo moyoni mwao, je, mmesahau ni nani aliyewapa zawadi siku walipoacha kuyasema?