Ini la Manjano

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, Tabora alikuwapo mtafiti aitwaye Nyamizi. Alifuga panya wenye kisukari. Kundi moja aliliacha sukari ipande itakavyo. Kundi la pili lilidungwa insulini kila siku. Alitaka kujua sukari isiyodhibitiwa hulifanyia nini ini.

Alikuwa na wasaidizi wawili. Barongo alitunza dawa kwenye jokofu. Tumsifu alidunga sindano na kupima sukari.

Siku ya kuwapasua panya ikafika. Kundi la kwanza: ini limevimba, la manjano, limejaa mafuta. Nyamizi hakushangaa. Kundi la pili, lile la dawa: ini limevimba, la manjano, limejaa mafuta. Mama yake mzazi alikuwa akijidunga dawa iyo hiyo.

Jioni, wakila, neno likamponyoka. "Mama, sijui tena kama hii dawa inalinda ini."

Kesho yake mama hakujidunga. Keshokutwa hakujidunga. Haikupita wiki akakutwa sakafuni, anahema kama aliyekimbia, hajitambui.

Hospitalini, mlangoni pa wodi, Barongo akapiga magoti.

"Dada Nyamizi, umeme ulikatika, jokofu likazima, dawa ikapata joto ikaharibika. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Lakini niliyoiharibu ni ya panya. Mama sikumgusa."

Tumsifu akaangua kilio. "Mimi niliona sukari inapanda na huku nawadunga. Nikasema moyoni, dokta ndiye msomi, ataona mwenyewe. Lakini jokofu halikuwa mikononi mwangu."

Nyamizi naye akasema, "Nami vipimo vilikuwa mezani kwangu, sikuvitazama. Shaka ya maabara nikaenda kuitua mbele ya mgonjwa. Lakini sikumwambia aache dawa!"

"Nyamizi." Sauti ilitoka kitandani. Mama alikuwa amezinduka.

Wakaingia wote watatu, vichwa chini.

"Nimewasikia," mama akasema. "Najua na mimi ni mtu mzima, niliacha dawa bila kuuliza. Lakini kaburi nimelichungulia. Ninyi mnaigawana lawama kama nyama ya sadaka, ila leo kila mmoja anataka kipande kidogo. Sitaki vipande. Nitajieni mmoja."

Wakatazamana.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mjibieni mama yule: je, nani alistahili kutajwa?