Mtabiri wa Mbio za Dimbwi la Mikoche

Kaeni vizuri niwaambie habari ya mwaka ule jua lilipowaka hadi kinyonga akakosa rangi ya kubadili, maana kila kitu kilikuwa kahawia. Anayetaka kucheka acheke, ila asinikatize.

Katika mbuga ya Ngelengwa maji yalibaki mahali pamoja tu, Dimbwi la Mikoche, nayo hayakutosha. Wa kwanza kunywa walipata maji, wa pili walipata maji yenye tope, na wa mwisho walilamba tope lenyewe na kusema asante. Ili wasiuane, wanyama walirudia desturi ya babu zao: mbio. Kila siku ya saba wakimbiaji walishindana kutoka kwenye kichuguu kikubwa hadi dimbwini. Kabla ya mbio, kila mnyama alikwenda kusimama nyuma ya mkimbiaji aliyemwamini, na Simba akishanguruma, hakuna ruhusa ya kuhama. Mshindi akitia mdomo majini, waliosimama nyuma yake hunywa wa kwanza. Lakini mpaka atie mdomo. Asipotia, hanywi mtu.

Wakimbiaji walikuwa wanne: Mbuni mwenye maringo, Swala mwoga, Pundamilia mgomvi, na Ngiri, ambaye kusema kweli alihesabiwa kwa heshima tu. Ngiri alikuwa na mbio, jamani, mkia juu! Taabu yake ilikuwa usahaulifu. Akifika katikati ya njia huona jani moja la kijani, hupiga magoti ale, na akinyanyua kichwa hajui tena alikuwa anakwenda wapi. Hakuna aliyewahi kusimama nyuma yake, hata mama yake mzazi.

Basi mbuga nzima ilikuwa na swali moja mdomoni: safari hii nani atashinda? Swali la namna hiyo likizuka, Sungura hakosi kuwepo.

Najua mnampenda Sungura. Hata mimi nampenda. Lakini mwaka ule alipita kiasi. Alipanda juu ya gogo, akajifunga kilemba cha majani makavu, akatangaza, "Mimi ni mtabiri wa mbio! Babu yangu alinong'onezwa na upepo, nami nimerithi masikio yake!" Na masikio alikuwa nayo, hilo hakuna aliyeweza kulipinga.

Malipo yake yalikuwa konzi ya ndago, vile viazi vidogo vitamu vinavyochimbwa ardhini kwa jasho. Mteja alimwaga ndago zake, Sungura akafumba macho, akatikisa masikio, akamnong'oneza jina la mshindi. Kisha aliongeza, "Usimwambie mtu. Ukimwambia, bahati yako inahamia kwake." Wateja wakaondoka wameziba midomo kwa mikono miwili, na wasio na mikono wakauma ndimi.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Mteja wa kwanza aliambiwa Mbuni, wa pili Swala, wa tatu Pundamilia, wa nne Mbuni tena, hivyo hivyo hadi foleni iishe. Yeyote akishinda kati ya hao watatu, theluthi ya wanyama walikunywa maji safi na kurukaruka, "Sungura kiboko! Sungura hana mpinzani!" Waliokosa waliona haya kulalamika katikati ya shangwe. Aliyethubutu aliulizwa, "Ulipokuja kwangu, ulitanguliza mguu gani?" Nani anakumbuka mguu aliotanguliza? "Basi ni wa kushoto," Sungura alisema kwa huruma. "Usinilaumu mimi."

Sasa, kulikuwa na Mama Kanga na vifaranga wake tisa. Mbio za kwanza Sungura alimtajia jina la Swala, akashinda Mbuni. Mbio za pili alimtajia Mbuni, akashinda Pundamilia. Mara zote mbili familia ile ililamba tope. Kifaranga mdogo kuliko wote, Chembe, alikuwa ameacha kulia siku moja kabla ya mbio za tatu. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Kwa ukoo wa kanga, ambao hawajanyamaza tangu dunia iumbwe, hilo lilitisha kuliko chui. Mama Kanga alijua hesabu yake: akikosa maji mara ya tatu, atabaki na vifaranga wanane.

Asubuhi ya mbio za tatu aliungana na foleni, na konzi moja ya ndago ambazo watoto walizichimba siku tatu nzima. Mbele yake alisimama Fisi. Alipohudumiwa, Fisi aliondoka mbio, akajigaragaza kwenye majivu, akarudi na kujipenyeza tena mbele yake. Alipohudumiwa tena akaondoka, akajivika kiota cha ndege kichwani, akarudi mara ya tatu.

"Bwana Fisi, si wewe ulikuwa hapa sasa hivi?" akauliza Mama Kanga.

"Mimi si Fisi," akasema Fisi. "Mimi ni mti."

Sungura hakumtambua hata mara moja, kwa sababu alikuwa haangalii nyuso, alikuwa anaangalia ndago.

Zamu ya Mama Kanga ikafika. Sungura akatikisa masikio, akanong'ona, "Mbuni."

Mama Kanga akarudisha kichwa nyuma. "Mbuni? Mbuni anachechemea."

"Nani kasema?"

"Nyayo zake. Mimi huamka kabla ya watu wote nikachakura kwenye njia ya mbio, Bwana Sungura, natafuta mbegu pale wakimbiaji walipofanyia mazoezi. Leo nimeona kidole cha mguu wake wa kulia kimeburuzwa. Tena Swala, nyayo zake zimezunguka kila kivuli cha mti. Na Pundamilia amesimama mara sita kupiga teke vichuguu."

"Mama," akasema Sungura kwa sauti ya juu ili foleni isikie, "mtabiri hapa ni nani, mimi au wewe? Wewe kazi yako si kufukua mavi?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama Kanga alihisi uso unawaka moto. Akamtazama Chembe, ambaye alikuwa ameuegemea mguu wake. Ndipo hasira ilipompanda, na hasira hiyo ikamfungua macho. Njia ile aliyokuwa anaifukua kila siku, aliona nini kingine? Vumbi. Vumbi tupu kutoka kichuguuni hadi dimbwini. Hata jani moja la kijani halikuwepo! Ngiri leo atasimama kula nini?

"Nirudishie ndago zangu," akasema.

"Ati?"

"Nirudishie. Nitajitabiria mwenyewe."

Akazizoa palepale chini ya pua ya Sungura, akawaita watoto, akaenda kusimama nyuma ya Ngiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana mtu mahali pale, na Ngiri mwenyewe aligeuka kwa mshangao.

"Mama, umepotea?"

"Sijapotea, mwanangu. Wewe kimbia tu."

Wanyama walicheka hadi Kiboko akashika mbavu. Simba, aliyesimama nyuma ya Mbuni kifua mbele, hakucheka. Alisema tu kwamba wajinga hunywa mwisho, na kwamba mfalme hajawahi kukosea. Alikuwa ameshakosea mara mbili. Kisha akanguruma, makundi yakajipanga kando ya njia hadi dimbwini, na mbio zikaanza.

Mbuni alitangulia. Lakini alipopita mbele ya umati alipunguza mwendo ili manyoya yake yaonekane vizuri, na kile kidole kikamgonga. Pundamilia akadhani amezibiwa njia makusudi.

"Unanizibia mimi?" akafoka, akamng'ata mkiani.

"Manyoya yangu!" akapiga kelele Mbuni, akageuka, wakavaana katikati ya njia. Unyoya mmoja mweupe ukaruka juu. Swala akauona, akaamini ni tai, akageuka nyuma akarudi kichuguuni kwa kasi ambayo haijapata kuonekana Ngelengwa. Laiti mbio zingekuwa za kurudi!

Fisi naye alikuwa hajakaa nyuma ya mtu. Alikimbia huku na huko kati ya makundi matatu, kiota kikimning'inia shingoni, akipiga kelele, "Shinda! Na wewe shinda! Na wewe pia shinda!"

Na Ngiri? Mkia juu, macho yanatafuta jani. Kulia, vumbi. Kushoto, vumbi. Basi akaendelea kukimbia, maana hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Akapita ugomvi wa Mbuni na Pundamilia, akapita jiwe la mwisho, akalifikia dimbwi, Mama Kanga akaruka kwa furaha, na Ngiri akalipita dimbwi!

"Ngiri!" Mama Kanga akamkimbilia ubavuni. "Unakwenda wapi?"

"Sijui, mama!"

"Simama basi!"

"Nimesahau kinachonikimbiza, naogopa kusimama!"

Nyuma yao kila mmoja akaikumbuka desturi. Ngiri asipotia mdomo majini, hanywi mtu. Kule ukingoni vifaranga wanane waliruka na kupiga kelele, na wa tisa alikuwa amelala chini kimya.

Mama Kanga akaruka mbele ya Ngiri, akaangusha ndago moja chini ya pua yake. Ngiri akanusa. Magoti yakakunjika yenyewe, kama kawaida yake. Akaila. Mama Kanga akaangusha nyingine hatua mbili nyuma, kuelekea dimbwini. Ngiri akaifuata kwa magoti. Nyingine tena, hatua mbili. Ndago za siku tatu zikawa zinaisha moja moja, na Ngiri anakuja anatambaa, anatafuna, anauliza, "Hivi leo kuna sherehe gani?" Ya mwisho kabisa Mama Kanga akaitupa majini. Pua ya Ngiri ikaifuata, chubwi!

Chembe alikunywa wa kwanza. Akanywa, akanyanyua kichwa, akanywa tena. Halafu akafungua mdomo na kutoa kelele moja kali iliyowaumiza masikio tembo wote watatu waliokuwepo. Mama Kanga alilia machozi hadharani, hata hakujali nani anamwona.

Safari hii hakukuwa na theluthi ya kurukaruka. Hakuna aliyesema Sungura kiboko. Sungura akaanza kushuka gogoni taratibu.

"Wewe!" Fisi akamrukia. "Nirudishie konzi zangu tatu!"

"Ulitanguliza mguu wa kush..."

"Nilikuja mara tatu! Ya kwanza sikumbuki, lakini ya pili nilitanguliza wa kulia makusudi, na ya tatu niliruka kwa miguu yote minne! Ukanipa majina matatu, nikadhani watashinda wote pamoja!"

Simba akageuza shingo polepole. "Majina matatu? Mimi aliniambia Mbuni."

"Mimi Swala," akasema Nyumbu.

"Pundamilia," akasema Nyani, na akaanza kuwahesabu wenzake kwa vidole, kisha kwa vidole vya miguu.

"Mzee wangu," Sungura akamwambia Simba, kilemba kimemwangukia jicho moja, "nilitaka tu kila mtu aondoke kwangu na tumaini."

"Na tope," akasema Simba.

Ndago zilikutwa nyuma ya gogo, shehena nzima. Zikarudishwa kwa wenyewe, Mama Kanga akipewa konzi mbili za zile mbio alizokosa. Sungura akahukumiwa kuzoa tope la dimbwi kila siku ya mbio hadi mvua inyeshe, na kunywa baada ya wote, Fisi akiwa wa mwisho kabla yake. Mnajua Fisi huacha nini. Hadi leo Sungura akiona watu wanabishana nani atashinda, huziba pua kwa kulikumbuka lile tope, na kwenda zake.

Lakini kabla kiu haijaisha, umati wote ukamzunguka Mama Kanga. "Mama, mbio zijazo nani? Tunong'oneze! Tutakulipa!"

"Sijui," akasema Mama Kanga.

"Usitufiche!"

"Sijui bado. Njia haijakanyagwa. Anayetaka kujua aje kesho alfajiri tuchakure wote."

Walinung'unika, wakasema kazi hiyo ni chafu. Hata hivyo kesho yake, jua likichungulia, kulikuwa na mkubwa mmoja kwenye njia ya mbio, manyoya tele shingoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto kuona kama hakuna mtu. Kisha akanyoosha mkono wake wa kifalme, akapapasa vumbi.

"Siyo hivyo, babu!" ikasikika sauti kali kutoka chini ya kidevu chake. Ilikuwa ya Chembe. "Inamisha kichwa!"

Na Simba akainamisha.